ThinkPad T480, EliteBook 840 G5 au Latitude 7490: Ulinganisho kwa Anayenunua Kompyuta Mpakato Iliyotumika

Anayeingia Kariakoo na fedha ya wastani akitafuta kompyuta mpakato huona kioja kimoja. Fedha hiyo, kwa mashine mpya ya boksi, humpatia kompyuta ya plastiki yenye prosesa ya Celeron na RAM ya GB 4, ilhali duka la pili yake lina mashine zilizofanya kazi katika ofisi za Ulaya kwa miaka michache, zenye prosesa ya Core i5, RAM ya GB 8 au 16, na kibodi ambayo mtu anaweza kuandikia tasnifu nzima bila kuumwa vidole. Wauzaji wa Nairobi huziita "ex-UK"; Dar es Salaam tunasema "used" na tunaelewana. Kwa mwanafunzi, mwalimu, mhasibu au mwandishi ninapendekeza hizo za pili bila kusita, na ulinganisho huu unahusu tatu zinazokutwa mara nyingi mezani: ThinkPad T480 ya Lenovo, EliteBook 840 G5 ya HP na Latitude 7490 ya Dell. Zote ziliingia sokoni mwaka 2018, zote zina kioo cha inchi 14 na uzito wa takriban kilo moja na nusu, na kwa kawaida zote hubeba prosesa za familia moja ya Intel. Ni marika, kwa hiyo zinaweza kushindanishwa bila kuoneana.

Kabla ya kuzishindanisha, niondoe kwanza swali ambalo wanunuzi wengi huanza nalo: "Kati ya HP na Dell, ipi nzuri?" Likiulizwa hivyo halijibiki, kwa sababu kila kampuni hutengeneza mashine za madaraja mbalimbali, na tofauti ya madaraja ndani ya kampuni moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kampuni na kampuni. Dell ilikuwa na Inspiron za nyumbani na Latitude za ofisini, na ndani ya Latitude tarakimu ya kwanza ndiyo inayoeleza cheo: zinazoanza na 3 ni za bei nafuu, za 5 ni za kati, za 7 ni za juu. HP ina ProBook na juu yake EliteBook. Lenovo ina IdeaPad kwa watu wa kawaida na ThinkPad kwa kampuni, na katika ThinkPad zenyewe herufi T na X ni za daraja la juu kuliko E na L. Mtu akikuambia "nina Lenovo" hajakuambia kitu. Jina la ThinkPad lilianzishwa na IBM mwaka 1992, na Lenovo ililipata iliponunua kitengo cha kompyuta binafsi cha IBM mwaka 2005. Latitude ni ya tangu 1994 na EliteBook tangu 2008. Dell ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2025 kwamba itaanza kuliacha jina la Latitude na kutumia Dell Pro, hivyo kadiri miaka inavyokwenda Latitude itabaki kuwa jina la mashine zilizotumika.

Jambo la pili ni kizazi cha prosesa, na hapa hakuna mjadala. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha tofauti chache mno. Kizazi husomwa katika namba inayofuata kistari: i5-8350U ni ya kizazi cha 8, i5-7300U ni ya 7, na i5-10310U ni ya 10. Tofauti ya 7 na 8 haikuishia kwenye Windows, kwani i5 za aina hii katika kizazi cha 7 zilikuwa na viini viwili tu vya kuchakatia (cores) na katika cha 8 vikawa vinne. Angalizo muhimu ni kwamba jina la modeli pekee halithibitishi kizazi. EliteBook 840 G5, ambayo wauzaji huitaja kama mashine ya kizazi cha 8, ilitolewa pia na prosesa za kizazi cha 7, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Bonyeza mwenyewe kitufe cha Windows pamoja na Pause, au fungua sehemu ya "About" katika mipangilio, usome namba kwa macho yako. Stika ya Intel iliyobandikwa pembeni ya padi si ushahidi. Hubandikwa na kubanduliwa kama stika ya bima ya pikipiki.

Umeme ukikatika

Hapa ndipo mashine hizi tatu zinapoachana kweli, na kwangu hiki ndicho kipengele chenye uzito mkubwa kuliko vyote. T480 ina betri mbili. Moja ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri) imo ndani, na ya pili huchomekwa kwa nje upande wa nyuma, ambako unaweza kuweka ya Wh 24, ya Wh 48 au ya Wh 72. Kwa kuwa ya ndani inaendelea kufanya kazi, ya nje hutolewa na kubadilishwa wakati kompyuta imewaka, hati yako ikiwa wazi, bila kuzima chochote. Betri hizo za nje zimeandikwa 61, 61+ na 61++ kwa mpangilio huo wa ukubwa, na mbili kubwa hujitokeza chini kiasi cha kuinua mgongo wa mashine, jambo ambalo baadhi ya watu hulichukia na wengine, mimi nikiwamo, hulipenda kwa sababu linainamisha kibodi kuelekea mkononi. Ukiwa na ya Wh 72, jumla inafika Wh 96. EliteBook 840 G5 ina betri moja ya ndani ya takriban Wh 50. Latitude 7490 nayo ina moja ya ndani, ama ya Wh 42 ama ya Wh 60 kulingana na ilivyoagizwa, kwa hiyo kabla ya kulipa ni vyema kujua ipi imo.

Tuhesabu. Kompyuta za aina hii zikitumika kwa kuandika, kusoma na kufungua kurasa chache za mtandao hula takriban wati 8. Betri nzima ya Wh 50 ingedumu kama saa sita. Lakini betri ya mwaka 2018 si nzima tena. Ikibaki na asilimia 60 ya uwezo wake, hizo saa sita zinakuwa chini ya nne, na kwenye mkutano wa video zinakuwa mbili hivi. Kwa T480, betri ya nje ikichoka unanunua nyingine na kuichomeka wewe mwenyewe pale dukani, bila bisibisi. Kwa EliteBook na Latitude ni lazima mfuniko wa chini ufunguliwe, kazi ambayo si ngumu kwa fundi, ila betri utakayopewa mara nyingi si ya kampuni yenyewe, na betri za kuiga husema uongo kuhusu uwezo wake.

Uwezo halisi hupimwa bila kumuuliza muuzaji. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na Windows itatengeneza ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaofikia sasa. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Mimi sichukui mashine iliyo chini ya asilimia 70 isipokuwa bei ikatwe kiasi cha betri mpya, na nimegundua kwamba muuzaji akiona unaandika amri hiyo, hata maongezi ya bei hubadilika.

Chaja nazo zina hadithi yake. T480 huchajiwa kwa USB-C tu. Faida yake ni kwamba chaja yoyote nzuri ya USB-C ya wati 65 inaitosha, na ukisafiri unaweza kuazima. Hasara ni kwamba tundu hilo likiharibika, mashine imekufa kiu. Lenovo yenyewe iliwahi kutoa tangazo kwamba baadhi ya ThinkPad za 2017 hadi 2019, T480 ikiwamo, zinahitaji sasisho la programu ya ndani ya Thunderbolt, la sivyo matundu ya USB-C yanaweza kuacha kufanya kazi au kuacha kuchaji. Kwa hiyo T480 ijaribiwe kwa matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya lingine, na sasisho hilo lifanywe siku ileile ya kununua. EliteBook na Latitude zina tundu la duara pamoja na USB-C, yaani njia mbili za kuingizia umeme, na hilo ni jambo la kuzipa alama. Ila chaja ya duara ya Dell ina sindano katikati inayoitambulisha kwa kompyuta; ukiweka ya kuiga isiyotambulika, kompyuta hutoa onyo, betri haichaji, na prosesa hupunguzwa kasi. Wapo watu walioishi mwaka mzima na Latitude "nzito" ambayo tatizo lake lilikuwa chaja ya bei poa.

RAM, kioo na kibodi

Katika RAM zote tatu zinastahili sifa, kwa kuwa kila moja ina nafasi mbili za kuchomeka na unaweza kuanza na GB 8 ukaongeza baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu ndugu zao wa karibu hawako hivyo: katika ThinkPad X280 na X1 Carbon RAM imelehemiwa kwenye bodi, T480s ina nafasi moja tu juu ya ile iliyolehemiwa, na Latitude 7420, ambayo ni mpya zaidi na inavutia macho, imelehemiwa yote. Ukinunua iliyolehemiwa yote ikiwa na GB 8, utakufa na GB 8. Kwa matumizi ya leo GB 8 ni ya kuanzia na GB 16 ndiyo ya raha.

Kioo ndicho udhaifu mkubwa wa T480. Nyingi ziliagizwa na kampuni zikiwa na kioo cha nukta 1366 kwa 768, ambacho herufi zake zina ukungu na ukikitazama kwa pembeni rangi hugeuka kama picha ya filamu. Kile cha 1920 kwa 1080 ni bora zaidi, ingawa nacho si cha kung'aa sana, na anayefanyia kazi barazani au chini ya mwembe atakunja uso. Latitude 7490 ina mtego huohuo wa vioo viwili tofauti. Kwenye EliteBook 840 G5 ni nadra kukuta kile cha chini, na kwa wastani ndiyo yenye kioo kizuri kati ya hizi tatu; ina pia spika zilizowekewa jina la Bang & Olufsen, zinazotazama juu, na kwa anayehudhuria vikao vya mtandaoni kila siku zinasikika vizuri kuliko za wenzake. Baadhi zina kioo cha faragha kiitwacho Sure View, ambacho kwa kubonyeza kitufe kinamzuia jirani asione unachoandika. Benki hukipenda. Ila wengine hulalamika kwamba hata kikizimwa, kioo hicho si kizuri kwa kutazama filamu mkiwa wawili, kwa hiyo kiangalie kwa pembeni kabla hujaamua.

Kibodi ya ThinkPad ndiyo iliyoijengea jina, na inastahili. Vitufe vyake vimebonyea kidogo katikati kama kijiko, vishale vinne ni vikubwa na vimepangwa kwa umbo la kawaida, na ikiharibika hutolewa kutoka juu, wakati kwa nyingine mbili fundi ni lazima aanzie chini. Kati ya G, H na B kuna kinundu chekundu cha kusogezea mshale, ambacho wengine hawakigusi maishani na wengine hawawezi kuishi bila hicho. Kasoro inayoudhi ni kwamba Fn imewekwa pembeni kabisa, mahali ambapo vidole vinatafuta Ctrl, ingawa BIOS, yaani programu ya msingi inayoiwasha kompyuta, inaruhusu kuzibadilishana. Ya EliteBook ni nzuri pia, isipokuwa kishale cha juu na cha chini vimebanwa katika nafasi ya kitufe kimoja, na anayefanya kazi ya majedwali ya Excel atakosea mara nyingi kabla hajazoea. Ya Latitude haina la kusifu wala la kulaumu.

Lakini lugha ya kibodi ina uzito kuliko yote hayo, na wengi huigundua wakiwa wamefika nyumbani. Mzigo wa Uingereza huja na alama ya pauni juu ya 3, jambo dogo. Mzigo wa Ujerumani huja na Y na Z zimebadilishana nafasi, na kwa anayeandika Kiswahili hilo si dogo hata kidogo, maana "nyumba ya" inakuwa "nzumba za" kabla hujainua macho. Unaweza kuiambia Windows ichukulie kibodi kuwa ya Kiingereza, lakini maandishi ya juu ya vitufe yatabaki yanakudanganya, na stika za kubandika hufutika. Mzigo wa Ufaransa na Ubelgiji una mpangilio wa AZERTY. Aliyesomea Bujumbura au Kinshasa huenda ndiyo hasa anaoutaka, na kwa kuwa wengi hapa huukwepa, anaweza kuupata kwa bei ya kirafiki.

Kufuli zisizoonekana

Mashine hizi zilikuwa mali ya kampuni, na kampuni huweka kufuli. Ya kwanza ni neno la siri la BIOS: kompyuta inawaka na kufanya kazi kama kawaida, ila huwezi kubadilisha mpangilio wa ndani wala, mara nyingine, kuwasha kwa flashi. Iwashe upya na ujaribu kuingia: F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache hapohapo. Ya pili ni hatari zaidi, nayo ni usajili wa Autopilot, ambapo mashine ikiwekewa Windows upya na kuunganishwa na intaneti inadai uingie kwa barua pepe ya kampuni fulani ya huko ilikotoka. Wauzaji huikwepa kwa kuweka Windows bila intaneti, na mteja hukutana nayo mwaka mmoja baadaye. Ya tatu si kufuli bali ni udanganyifu wa jicho: sehemu ya laini ya simu. Nyingi zina kitundu cha laini pembeni, na muuzaji atakuambia unaweka laini tu unaperuzi, kumbe modemu yenyewe haimo. Weka laini ujaribu.

Namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine husaidia sana. Dell huiita Service Tag, ina herufi na tarakimu saba, na ukiiingiza katika tovuti ya Dell utaona mashine ilitoka kiwandani ikiwa na prosesa gani, RAM kiasi gani na kioo kipi. Lenovo na HP zina utaratibu unaofanana. Si kila kilichobadilishwa ni kibaya, kwani diski mpya ni heri kuliko ya zamani, lakini maelezo ya muuzaji na ya kiwanda yakitofautiana kwenye prosesa au kioo, kuna mtu ameunganisha mashine mbili kuwa moja.

Siku tuliyonunua

Mdogo wangu wa kike alipokuwa anaanza chuo alinitaka tuongozane. Nilikuwa nimeshaamua kichwani kwamba atachukua T480, kwa sababu ya zile betri mbili. Duka la kwanza lilikuwa nayo, kava lake limefutwa hadi likameremeta. Nilifungua ukurasa mweupe mtupu, nikaongeza mwanga hadi mwisho, na kona ya chini kulia ikaonyesha doa la manjano la ukubwa wa shilingi mia. "Kaka, hilo ni vumbi," muuzaji akaniambia, akalifuta kwa kidole gumba, na doa likabaki palepale. Nilipotazama mipangilio ya kioo nikakuta ni kile cha 1366. Ya pili ilikuwa na kioo kizuri, lakini mdogo wangu alipoandika herufi zote katika Notepad, M haikutoka mpaka aibonyeze kwa nguvu mara mbili, na muuzaji akaahidi kwamba "ikizoea itakaa sawa".

Katika duka la tatu tulikuta EliteBook 840 G5 yenye i5-8350U, RAM ya GB 16 katika vipande viwili vya GB 8, betri yenye asilimia 84 ya uwezo wake wa kiwandani, kibodi ya Uingereza, na BIOS iliyofunguka bila kuuliza kitu. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu mgongoni, na kwa ajili ya mkwaruzo huo ikapunguzwa bei. Ndiyo tuliyochukua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama unaishi mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, au kazi yako ni ya kutwa nzima nje ya ofisi, itafute T480 yenye kioo cha 1920 kwa 1080, hata kama itakubidi urudi sokoni mara tatu, na uinunulie betri ya 61++. Kama siku yako imejaa vikao vya video na unataka mashine ya kuweka mezani mbele ya mteja, EliteBook inaishinda T480 kwa kioo, kwa sauti na kwa sura. Latitude 7490 ninaiweka ya tatu, si kwa ubaya, bali kwa sababu haina jambo moja inaloongoza. Ikiwa na betri ya Wh 60, kioo cha juu na chaja yake halisi, na bei yake iko chini ya hizo mbili, ichukue bila wasiwasi. Kukiwa na T480 mbovu na Latitude nzima kwenye meza moja, beba Latitude. Na kabla hujatoka dukani, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) iandikwe modeli na namba ya utambulisho ya mashine uliyoishika, si "laptop 1" kama walivyotaka kutuandikia sisi.